Baiskeli ya Milimani Nairobi: Tazama Habu ya Nyuma Kabla ya Kuuliza Bei

Malalamiko ya wasomaji mwaka huu yanafanana mpaka yanachosha. Mtu ametoa elfu thelathini na tano, akapewa baiskeli ya milimani inayong'aa, breki za diski mbele na nyuma, foki ya springi, na kibandiko cha "gia 21" kwenye fremu. Muda si mrefu gurudumu la nyuma linaanza kuyumba na diski inakwaruza kila mzunguko. Fundi anakaza spoki, linanyooka, kisha linayumba tena. Mwishowe, kwenye tuta moja la barabarani, ekseli, ule mtaimbo unaopita katikati ya gurudumu, inakatika vipande viwili. Muuzaji akipigiwa simu anasema ulibeba mzigo. Kosa liko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba spoki, na lilikuwepo siku ulipolipa.

Saizi ya fremu, rangi, na kama magurudumu yawe inchi 27.5 au 29, hayo yameelezwa vya kutosha na kila mtu. Mwongozo huu unapanga baiskeli kwa jambo ambalo karibu hakuna muuzaji Nairobi atakayekutajia: gia za nyuma zimefungwaje kwenye habu.

Friwili na kaseti

Mfumo wa zamani ni friwili. Meno yote, pamoja na ule utaratibu wa ndani unaolia trrr ukiacha kukanyaga, ni kitu kimoja kinachosokotwa kwenye uzi wa habu. Mfumo wa pili ni kaseti: meno ni seti inayochomekwa tu, na ule utaratibu wa trrr ni sehemu ya habu yenyewe. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti. Tofauti iko kwenye beringi ya upande wa cheni. Kwenye friwili, beringi hiyo imezikwa ndani, nyuma ya gia zote, kwa hiyo kutoka hapo hadi kwenye fremu kuna karibu sentimita nne za ekseli nyembamba ya milimita 10 ambazo hazijashikiliwa na kitu. Kwenye kaseti, beringi imesogezwa nje hadi karibu na fremu, na kipande kisicho na msaada ni kifupi sana.

Sasa weka juu yake mtu wa kilo 80, keria yenye gunia, na matuta ya barabara ya Outering. Kila pigo linaipinda ekseli mahali palepale. Na kama ni ile ya kufunga kwa mkono bila spana, ina tundu katikati, yaani nyama ya chuma imepungua zaidi. Ndiyo maana friwili ya gia 5 za zamani ilidumu, ya gia 7 inasumbua, na ya gia 8, ambayo pia iko sokoni, ndiyo mbaya kuliko zote: kadiri gia zinavyoongezeka ndivyo beringi inavyobaki mbali. Breki za diski nazo zimeufichua ugonjwa huu. Kwa breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, mtu angeendesha ekseli iliyopinda miezi mingi bila kujua. Diski na pedi zake zimeachana kwa nafasi chini ya milimita moja, kwa hiyo upindaji mdogo tu unasikika.

Kukagua hakuhitaji kifaa. Inua gurudumu la nyuma, lizuie lisizunguke, kisha zungusha zile gia kinyumenyume kwa kidole huku ukitazama pale katikati penye vijino vya kuingizia kifungulio. Vijino vikizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti. Gia zikizunguka na vijino vikatulia, ni friwili. Hesabu pia meno ya gia ndogo kabisa: 14 mara nyingi ni friwili, 11 mara nyingi ni kaseti. Kama gia ni za kampuni ya Shimano, tafuta herufi zilizochongwa kwenye gia: MF ni friwili, CS ni kaseti. Muuzaji akikuambia "ni gia 24, kwa hiyo ni kaseti," usikubali mpaka uone mwenyewe.

Kama ni ya mtumba, omba gurudumu litolewe. Shika ncha ya ekseli kwa vidole viwili uizungushe taratibu. Ncha ikichora duara badala ya kukaa mahali pamoja, imepinda. Ukihisi mchanga, gololi na koni, vile vipande vya ekseli vinavyobana gololi, zimeliwa, na koni zikiliwa, kubadilisha gololi peke yake ni kutupa pesa. Halafu rudisha gurudumu, shika tairi juu na ulisukume kushoto na kulia. Likigonga, ama koni zimelegea, jambo dogo, ama mwili wa kaseti, ile sehemu ya trrr inayobeba meno, umelegea kwenye habu. Hilo la pili kwa Shimano hukazwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10 baada ya kutoa ekseli. Fundi asiye na ufunguo huo atakuambia habu imekufa.

Ulaghai wa "gia 21"

Hili linauma kwa sababu watu wanalipia namba. Chukua gia 21 za kawaida: mbele meno 42, 34 na 24, nyuma friwili ya 14 hadi 28. Gia nyepesi kabisa ni 24 kwa 28, yaani 0.86. Nzito kabisa ni 42 kwa 14, yaani 3.0. Upana wake ni mara 3.5. Sasa chukua baiskeli mpya yenye gia 9 tu, mbele meno 32, nyuma kaseti ya 11 hadi 46. Nyepesi ni 0.70, nzito ni 2.9, upana ni mara 4.2. Gia 9 zinapanda Ngong kwa wepesi kuliko 21, kwa sababu nyingi kati ya zile 21 zinarudiana. Tena gia moja ya mbele inakuondolea kibadili gia cha mbele, kebo yake na kishikio chake, vitu vitatu ambavyo matope ya msitu wa Karura msimu wa mvua huviziba kwanza.

Nafasi ya kwanza: Trek Marlin 5 ya mtumba, iliyotengenezwa kati ya 2018 na 2022

Sitazunguka, naipendelea Trek, na katika Trek naipendelea hii. Fremu ni ya alumini wanayoiita Alpha Silver, breki ni za mafuta, na nyuma kuna kaseti ya gia 8. Nafasi ya fremu nyuma, pale habu inapokaa, ni milimita 135 ya kawaida, kwa hiyo gurudumu likiharibika utapata jingine kwa fundi yeyote anayejielewa. Cheni ya gia 8 ni nene, ni rahisi kupatikana, na inavumilia vumbi la Kajiado. Ukiona Marlin safi chini ya elfu hamsini na ekseli yake ikapita ule mtihani wa vidole, lipa.

Ila angalia jambo moja kwenye Trek za zamani zaidi, za 2000 hadi 2015, zenye breki za diski. Mwaka 2015 kampuni iliziita zirudishwe kwa sababu kile kishikio cha kufunga gurudumu la mbele kwa mkono, kikifunguka kupita kiasi, kingeweza kuingia kwenye diski. Zilizoletwa huku kwa kontena huenda hazikurekebishwa. Fungua kishikio hadi mwisho. Kama nafasi kati yake na diski haifiki unene wa penseli, kibadilishe kabla hujatoka na baiskeli.

Ya pili: Giant Talon

Giant ni kampuni ya Taiwan inayotengeneza hata baiskeli za kampuni nyingine, na fremu zake hazina tatizo. Naiweka ya pili kwa sababu Nairobi wauzaji huichanganya na ATX, ndugu yake wa bei ya chini, na kukuuzia ATX kwa bei ya Talon. Jina limeandikwa kwenye bomba la juu. Lisome, kisha bado uzungushe gia kwa kidole.

Ya tatu: Carrera Vengeance

Kontena nyingi za Uingereza huja na baiskeli za Halfords, duka kubwa la huko, na duka hilo lina majina mawili yanayotuhusu. Carrera ni la juu, Apollo ni la chini. Vengeance ina kaseti na fremu ngumu, ingawa ni nzito. Apollo nyingi za milimani zina friwili ya gia 6 au 7, na Muddyfox za bei ya chini vilevile. Wauzaji wanazitundika pamoja zote chini ya neno "ex-UK" kana kwamba kusafiri kwa meli kumezifanya sawa.

Mpya kabisa, na bei zisizoshuka

Ukinunua mpya leo, tafuta yenye Shimano CUES. Seti hii ya gia ilitangazwa 2023 kuchukua nafasi ya seti za awali za Altus, Acera na Alivio, na kwangu ndiyo teknolojia pekee ya miaka hii inayomfaa mwendeshaji wa kawaida wa Nairobi. Meno yake ni manene zaidi, yametengenezwa kudumu, na kaseti za gia 9, 10 na 11 zina nafasi ileile kati ya jino na jino na zinatumia cheni ya aina moja. Kaseti hiyo inaingia kwenye mwili wa kaseti wa kawaida. Tahadhari ni kwamba vishikio vya gia vya zamani havielewani na kibadili gia chake, kwa hiyo usidanganywe ununue kipande kimoja kimoja.

Gia 12 sizipendekezi kwa mtu anayetegemea baiskeli kwenda kazini. Shimano Deore ya gia 12 inataka mwili wa kaseti wa aina ya Micro Spline, Eagle za juu za kampuni ya SRAM zinataka aina ya XD, na ile Transmission ya SRAM ya 2023 hufungwa moja kwa moja kwenye fremu iliyoundwa kwa UDH tu, kiwango kipya cha pale kibadili gia cha nyuma kinapofungwa. Cheni ya gia 12 ni nyembamba na inatakiwa kubadilishwa mapema, ikirefuka asilimia 0.5, vinginevyo inakula kaseti ya bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Kipimo ni rula: cheni mpya, viungo 24 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, imefika. Fremu zinazopitisha kebo ndani ya beringi za usukani nazo ziache. Kubadilisha beringi ya mia chache kunakulazimu kufungua bomba la breki na kutoa hewa upya.

Sasa bei. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na maduka yakapandisha bei kwa haraka, sawa, tulielewa. Baiskeli ya dola 500 kiwandani ilikuwa shilingi 80,000 kabla ya ushuru na VAT ya asilimia 16. Kufikia katikati ya mwaka uleule dola ilirudi kwenye 129 hivi, na ikakaa hapo. Kwa hesabu hiyo, baiskeli ileile ni shilingi 64,500. Tofauti ni 15,500 kabla hata kodi haijahesabiwa, na bado kuna maduka ambayo kibandiko cha bei hakijaguswa. Tena wakati huo huo viwanda vya nje vilikuwa vimejaa baiskeli zilizotengenezwa kwa wingi baada ya pilikapilika za korona za 2020 na kukosa wanunuzi, mpaka Ulaya na Marekani zikauzwa kwa punguzo kubwa. Punguzo hilo halikumfikia mnunuzi wa hapa. Uliza baiskeli iliingia nchini mwezi gani na uombe risiti inayotaja modeli na mwaka. Muuzaji mwenye mzigo halali hakereki. Anayekereka, ondoka.

Chini ya elfu ishirini

Hapa karibu zote ni friwili. Ziache zile zenye springi katikati ya fremu. Ni uzito tu, na bushi zake huisha upesi. Ukilazimika, nunua yenye fremu isiyo na springi na breki za rimu, kisha siku hiyohiyo mwambie fundi atoe ekseli yenye tundu aweke isiyo na tundu, ya kufungwa kwa nati. Ahakikishe uzi wake unalingana na koni, kwa sababu kuna za milimita 10 na za inchi 3/8, na zikichanganywa koni inaingia kwa nguvu na kuharibika. Friwili itolewe kwa kifungulio chake cha vijino na spana ndefu, kwa sababu kukanyaga huikaza kila siku. Fundi akichukua tindo na nyundo, mzuie.

Baadaye pesa zikipatikana, pima nafasi ya fremu nyuma. Ikiwa milimita 135, nunua gurudumu lenye habu ya kaseti, weka kaseti ya gia 7 na ringi ya kujazia ya milimita 4.5 nyuma yake, na vishikio vyako vya gia vitaendelea kufanya kazi bila kubadilishwa.