Altrasaundi ya mkononi kwa majeruhi wa kifua: nimeitumia wiki 3 kwenye tenti la tetemeko

Wengi wananiuliza kama hiki kidude ni cha kununua au ni mbwembwe tu. Ni altrasaundi ya kuchomeka kwenye simu, inaenea mfukoni, na mimi kazi yangu nayo ilikuwa hasa vifua vya watu waliotolewa chini ya kifusi.

Mtu wa kifusi analetwa amelazwa chali, kumkalisha huwezi maana hujui uti wa mgongo ukoje, na eksirei ya mtu aliyelala chali inadanganya vibaya, hewa iliyovuja nje ya pafu inapanda mbele ya kifua inatandaa pale na picha inatoka kama hakuna kitu. Kuna mama mmoja mbavu 3 zimevunjika, eksirei safi, ila anaongea neno moja anatafuta pumzi. Nikaweka probu, kile kichwa cha kupimia, chini ya mtulinga. Pafu lisilo na shida unaliona linateleza kwenye ule mstari mweupe kila akivuta pumzi, kama sisimizi wanapita kwenye uzi. Kushoto wanapita. Kulia uzi umetulia, nikahesabu pumzi 5, umetulia tu. Nikasogea kuelekea kwapani hadi nikapata pale pafu linapogusa ukuta wa kifua tena, linateleza linaacha, linateleza linaacha, hapo huna haja ya kubishana na mtu, ni hewa imevuja. Tukaweka mrija kifuani, hewa ikabubujika kwenye chupa, baada ya muda mfupi yule mama akauliza wanawe wako wapi, sentensi nzima bila kukata.

Damu nayo inaonekana vizuri, weusi pale chini kifua kinapopakana na tumbo. Mrija ukitoa lita 1.5 kwa mkupuo, huyo mpeleke kwa wapasuaji haraka.

Lakini jamani msikipende kidude kuliko mgonjwa. Mtu anakata pumzi, presha imeanguka, upande mmoja wa kifua hausikiki, huyo usimpake jeli, choma sindano ya kutoa hewa kifuani kwanza, kwa mtu mzima ni nafasi ya 4 au 5 ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, picha baadaye. Na hewa ikishaingia chini ya ngozi, ukibonyeza inalia kama karatasi, skrini haikuonyeshi kitu cha maana.

Kilichonifurahisha zaidi ni kurudia kupima. Pafu lililopondeka siku ya kwanza linaweza kuonekana zuri halafu kesho yake likabadilika, na hawa watu wengi wamebanwa miguu pia, sumu ya misuli iliyobanwa inaishia kwenye figo, kwahiyo figo zinataka maji mengi ya dripu wakati pafu lililopondeka likizidishiwa linalowa. Nilikuwa nawapima asubuhi na jioni, michirizi myeupe, yaani dalili ya pafu kulowa, ikiongezeka tunakaa na daktari tunapanga upya dripu.

Ubaya: kinapata moto, na kinamaliza chaji ya simu haraka kwahiyo beba pawabenki 2. Ila lililoniudhi kweli ni kwamba programu yake ilinitoa siku ya pili ikataka niingie upya kwa intaneti, na minara yote imelala, nikakaa karibu masaa 4 na kidude mkononi hakifanyi kazi huku watu wanaletwa. Ingia kwenye akaunti na usasishe kila kitu kabla hujasafiri. Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa ajili ya hayo masaa 4.