Ziara ya Ziwa Vistonida, Ugiriki: nawapa nyota 5

Jamani hii ziara msiikose, sisi tuliichukulia mji wa Xanthi na mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja anayejua mambo mpaka basi, tumesimama pale Porto Lagos kwenye daraja la mbao la kwenda monasteri ya Mtakatifu Nikolao, flamingo wanachokoachokoa tope, akatuambia jina la ziwa limetoka kwa Wabistone, kabila la Wathrakia wa zamani, ambao hadithi inasema babu yao ni Biston mtoto wa Ares, mungu wa vita. Mfalme wao Diomedes ndo yule alikuwa analisha farasi wake nyama za watu, Herakles, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, akaja akawatupia farasi hao Diomedes mwenyewe wamle! Mwili ulinisisimka kabisa. Gari tu ndo halikuwa na AC, bebeni maji.