Mshipi upi ununue kwa uvuvi wa kayaki Ghuba ya Winam

Anayevua kwa kayaki kutoka Dunga au Usoma, fukwe za Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, ameketi karibu kabisa na maji, na upepo ukigeuka gugumaji humfikia alipo. Mbuta (sangara) akishanasa hukimbilia kwenye mizizi ya gugu hilo. Ndiyo maana tunashauri ubane pesa kwenye fimbo, usibane kwenye mshipi, yaani uzi wa kuvulia.

Nafasi ya kwanza: mshipi wa kusuka, unene wa milimita 0.20 hadi 0.25, mita 150. Hauvutiki, kwa hiyo samaki akigusa chambo unamhisi papo hapo. Ila usiufunge moja kwa moja kwenye ndoano. Mdomo wa mbuta una meno madogo mengi mithili ya msasa, nayo husaga nyuzi zake hadi ukatike. Unganisha mwishoni mita 1 ya nailoni ya milimita 0.60. Kwenye fundo, zungusha mara 8 upande wa kusuka na mara 4 upande wa nailoni, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Fundo kavu likikazwa kwa haraka hupata joto na nailoni hudhoofika palepale. Kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) anza na mita chache za nailoni, la sivyo mshipi wa kusuka utateleza juu ya chuma na rili itazunguka bure samaki akiondoka. Na usiuzungushe mkononi hata siku moja. Unakata kidole hadi mfupa.

Ya pili: nailoni ya kawaida, milimita 0.40. Ni rahisi, na kwa kuwa huvutika humsaidia anayeanza asimng'oe samaki mdomo. Kwa ngege (tilapia), 0.25 inatosha. Adui yake ni jua: roli iliyoning'inizwa mbele ya duka miezi mingi imekwisha kuchoka hata kabla hujainunua. Pitisha kipande kati ya kucha mbili. Kikiwa kimepauka, kigumu au chenye mikwaruzo, omba roli iliyokuwa ndani ya boksi.

Ya tatu: uzi mnene wa kusokota wa kuvulia kwa mkono. Katika mashua kubwa ni mzuri sana. Kwenye kayaki hujaa miguuni, na chombo kikipinduka unaweza kukufunga. Ukiununua, uzungushie kwenye kibao na utoe unaohitajika tu.

Ya mwisho: fluorokaboni, mshipi wa aina nyingine ya plastiki. Huuzwa ghali kwa sababu haionekani kwa urahisi majini, lakini maji ya ghuba hii yamejaa tope. Unalipia sifa usiyoihitaji.

Kilo zilizoandikwa kwenye lebo, yaani uzito ambao mshipi unahimili kabla ya kukatika, zisikutishe wala zisikupendeze. Mbuta wa sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, hafiki kilo 2; mshipi wa kilo 10 za kweli unamtosha yeye na wakubwa wake kadhaa. Shida ni hizo kilo za kweli. Jaza maji mtungi wa lita 10, ambao ni kilo 10 pamoja na uzito kidogo wa mtungi wenyewe, ufunge kwa mshipi uliolowa na uuinue taratibu. Ukikatikia kwenye fundo, funga upya ujaribu tena. Ukikatikia katikati, rudisha roli dukani.