Globu za kusomea nyumbani: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Ukiomba globu katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo, aghalabu utapewa LED ya wati 9 yenye mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, na muuzaji ataiwasha pale pale mpaka ufumbe macho. Kwa uani, ngazi au korido, globu hiyo haina ubaya. Kwa kukaa nayo saa mbili na kitabu usiku, iache. Inayofaa kusomea ni LED ya lumeni 800 hivi, yenye rangi ya mwanga ya 2700K hadi 3000K, isiyopepesa, iliyofungwa kwenye taa ya mezani au ya ukutani yenye kofia. Mara nyingi bei yake ni ndogo ukilinganisha na usumbufu inaouondoa, tatizo ni kuipata tu.

Tuanze na lumeni. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. LED inayoandikwa kuwa sawa na globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 806, na huhitaji wati 8 au 9 tu. Ukiiwasha saa 4 kila siku, ile ya zamani inakula karibu uniti 88 za LUKU kwa mwaka, LED uniti 13. Globu nyingi za kawaida hutoa lumeni 80 hadi 110 kwa kila wati moja. Ukiona boksi la bei ya chini linadai lumeni 1,500 kwa wati 9, boksi hilo linakudanganya. Zipo LED zinazovuka lumeni 200 kwa wati, lakini ni chache na bei yake ni ya juu.

Kosa kubwa tunaloliona majumbani ni kutaka globu ya darini ifanye kazi ya taa ya kusomea. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, kinachofika kwenye ukurasa ni robo. Globu ya lumeni 806 inayotawanya mwanga sawasawa pande zote, ikiwa mita 2 juu ya kitabu, inafikisha luksi 16 tu moja kwa moja (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Dari na kuta nyeupe zitaongeza kidogo. Kuta za rangi nzito haziongezi kitu. Globu hiyo hiyo ukiishusha hadi sentimita 50 inafikisha luksi 250 na zaidi, bado hujahesabu kofia nyeupe kwa ndani inayorudisha chini mwanga ambao ungepotelea juu. Viwango vya ofisi za Ulaya vinataka luksi 500 kwenye meza ya kusoma na kuandika. Nyumbani, kijana mwenye macho mazima atatosheka na 300. Mzee aliyefika miaka 60 aanzie 500, kwa sababu lenzi ya jicho lake imeingia unjano na mboni haifunguki tena kama zamani. Babu anapolalamika kwamba maandishi ni hafifu, msogezee taa kabla hujamtafutia miwani mipya.

Kwa hiyo anayebadilisha globu ya dari ya wati 9 akaweka ya wati 20 analipia kuangaza kabati na mapazia. Na kama globu iko juu ya pangaboi, mapanga yanaukata mwanga kila yanapopita, ukurasa unacheza, macho yanachoka kabla ya kurasa kumi. Hapo globu ya bei yoyote haisaidii. Dawa ni taa nyingine chini ya mapanga, ukutani au mezani.

Rangi ya mwanga husomwa kwa Kelvini. Usifuate maneno ya boksi, kila kiwanda kina majina yake, soma namba. 2700K ni unjano wa globu ya zamani, 3000K ni mweupe kidogo kuliko hapo, 4000K uko katikati, 6500K ndio ule mweupe wa dukani. 6500K una buluu nyingi: usingizi unachelewa kwa msomaji wa kitandani, na wadudu wanavutwa zaidi, jambo lisilo dogo kwa nyumba ya dirisha lisilo na wavu. Kwa meza ya mwanafunzi anayefanya hesabu jioni, 4000K inakubalika. Kwa kitanda na kochi, usivuke 3000K.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni uhalisi wa rangi, unaoandikwa CRI au Ra. Globu za kawaida ni 80, nzuri ni 90 na kuendelea. Boksi lisilotaja namba yoyote lihesabu kuwa halifiki. Kwa riwaya ya wino mweusi, 80 inatosha. Lakini kwa ramani, vitabu vya picha vya watoto, au msahafu wenye herufi za rangi za tajwidi (kanuni za kusoma Kurani), tofauti inaonekana wazi: chini ya globu dhaifu, nyekundu inafifia ikakaribia kahawia, na msomaji anajikuta akikisia hukumu ya herufi. Anayesoma msahafu wa aina hiyo kila usiku asikubali chini ya 90.

Sasa kupepesa, ambako ndiko kunakotenganisha globu nzuri na mbovu zenye sura moja. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mwanga unaweza kupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa na macho kuwasha bila kujua sababu. Ndani ya shingo ya LED kuna saketi inayogeuza umeme, na kapasita inayoziba mapengo ya mkondo. Kiwanda kinachobana gharama huweka kapasita ndogo, au hakiweki kabisa. Pima hivi: zima taa nyingine zote, subiri giza, kisha upunge kalamu haraka mbele yako chini ya globu hiyo pekee. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana kama meno ya chanuo, globu inapepesa. Ukiona ukungu mmoja uliolainika, ni nzima. Kamera ya simu nayo huonyesha mistari ya giza inayopanda, hasa kwenye video ya mwendo wa polepole, ila simu nyingine huificha zenyewe. Kalamu ndiyo ya kuaminiwa.

Globu zilizotengenezwa kwa soko la Umoja wa Ulaya zinabanwa na kanuni ya kupepesa tangu Septemba 2021, hivyo aliye na ndugu anayerudi kutoka huko anaweza kuagiza. Atazame kitako: E27 ni ya kuzungusha, B22 ni ya pini mbili, ile ya kusukuma na kupindisha. Za Marekani usiletewe kamwe, ni za volti 120 na zitaungua kwenye volti 230 zetu. Kuhusu adapta ya kugeuza kitako, inafanya kazi, lakini inarefusha globu hadi inachungulia chini ya kofia na kukupiga machoni. Kubadilisha holda ni bora.

Boksi likisema saa 15,000, kwa saa 4 kila siku hiyo ni miaka kumi. Globu ikifa ndani ya mwaka, mara nyingi imekufa kwa joto. LED yenyewe haichemki kama globu ya waya, lakini saketi ya shingoni hukaangika ikifungiwa ndani ya kioo kilichozibwa, tena kwa joto la Pwani. Dalili ni globu inayojizima baada ya dakika kumi na kurudi yenyewe ikipoa. Chagua kofia iliyo wazi juu na chini. Chanzo cha pili ni holda ya pini yenye springi zilizolegea: cheche zinaruka ndani, na vitufe vya risasi kwenye kitako vinakuwa vyeusi. Zima swichi kubwa, badilisha holda, usiendelee kulaumu globu.

Na globu inayobaki ikiwaka kwa mwanga hafifu baada ya kuzimwa? Kama swichi haina kile kitaa kidogo cha kuonyesha, huenda fundi alipitisha waya wa nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Maana yake holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayebadilisha globu anaweza kupigwa shoti. Ita fundi mwingine arekebishe.

Zile zenye nyuzi za LED ndani ya kioo angavu zinapendeza sebuleni, lakini uzi ukionekana unachoma macho. Zinafaa tu ndani ya kofia nzito. Enaji seva za mrija hazina tena sababu ya kununuliwa: zina zebaki na huchelewa kufikia mwanga kamili.

Globu za kuchaji, za kukatika kwa umeme, zinasifiwa kupita uwezo wake. Betri ya mAh 1200 kwa volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 4.4 tu. Ingewaka kwa wati 9 kamili, ingeisha nusu saa, kwa hiyo hushusha mwanga mara umeme unapokatika. Ikiwa darini, utaona njia ya kwenda mlangoni, hutaona maandishi. Ifunge kwenye taa ya mezani, sentimita 40 kutoka kitabuni, na swichi ibaki imewashwa, ikizimwa haichaji.

Taa yenyewe iweke nyuma kidogo ya bega. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto, kivuli cha mkono kisifunike mstari. Ukingo wa chini wa kofia uwe usawa wa macho ya aliyeketi, ili globu isionekane. Ukurasa uking'aa, sogeza taa pembeni, usipunguze mwanga. Sehemu nyingine ya chumba isiwe giza totoro. Taa ndogo ya pili nyuma inatosha. Anayesoma ndani ya chandarua aingize taa ndogo ya betri ya kubana kitabuni, kwa kuwa chandarua cheupe kikimulikwa kutoka nje kinang'aa chenyewe na kukinyima kitabu mwanga.

Dukani, kabla ya kulipa, tafuta alama ya shirika la viwango, TBS, au KEBS ukiwa Kenya, kisha omba globu iwashwe na utoe kalamu mfukoni. Kwa kuwa mwanga wa mchana hudanganya jaribio hilo, ulizia kama unaweza kuirudisha kesho yake.