Hamira pori ya maua au ya pakiti, ipi inakufaa?

Wengi wanadhani hamira ni hamira tu, kumbe sivyo. Ile ya pakiti ni aina moja, Saccharomyces cerevisiae, imechaguliwa kula sukari haraka na kutoa gesi ya kutosha. Unga unaumuka ndani ya saa moja au mbili, matokeo yale yale kila siku.

Sasa ya maua ndo raha yenyewe. Nekta, yale maji matamu ndani ya ua, ina sukari nyingi mno, vijidudu vingi haviiwezi, ila hamira kama Metschnikowia reukaufii zimeizoea, zinakaa humo na kutoa harufu inayovuta nyuki, nyuki akija anazibeba mpaka ua lingine, yaani zinasafirishwa bure kabisa! Na harufu za hamira hizi za pori, za matunda matunda hivi, zinaingia mpaka kwenye kinywaji unachochachusha nazo, halafu kuna nyingine za pori kama Lachancea thermotolerans zinatengeneza asidi ya laktiki, unapata uchachu mzuri bila kuongeza kitu. Pakiti haikupi hivyo.

Shida ni kilevi. Nyingi za maua zinakufa kikifika asilimia chache tu, Saccharomyces inafika hata 15. Ndo maana watengeneza mvinyo wengine wanaanza na ya pori kwa ajili ya harufu wanamalizia na Saccharomyces, na mi kwa vinywaji naona hiyo ndo njia bora.

Mkate wa haraka chukua pakiti. Una siku kadhaa na unataka ladha, nenda na maua, mradi yawe yanaliwa na hayajapuliziwa dawa.