Little Moreton Hall: imepinda kila upande na bado imesimama

Wakuu mlioko Manchester na Stoke, mkipata wageni msikimbilie maduka tu, wapelekeni hii nyumba karibu na Congleton, Cheshire. Inasimamiwa na National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majengo ya kale, tangu 1938, ukiwa memba unaingia bure.

Ukiiona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani inaanguka leo. Kuta zimelala, madirisha yamekaa upande, sakafu ya juu ina mabonde kabisa. Familia ya Moreton walianza kujenga mwanzoni mwa miaka ya 1500 wakawa wanaongeza kipande baada ya kipande mpaka kama 1610 hivi, na ujenzi wenyewe mtu wa kwetu anauelewa haraka, ni mbavu za mbwa za kitajiri: fremu ya mwaloni, katikati fito zilizosukwa halafu zikakandikwa udongo na chokaa. Tofauti iko kwenye useremala. Ncha ya boriti imechongwa ulimi, ulimi umeingia kwenye tundu la boriti nyingine, kisha kikapigwa kigingi cha mbao, hakuna kutegemea misumari, ndo maana mbao zikijikunja nyumba inafuata tu haipasuki.

Ila huko juu wenyewe walizidisha jamani. Ghorofa ya tatu wakapandisha ukumbi mrefu, kama mita 21, juu yake paa la mawe mazito!! Mzigo wote huo umekaa juu ya fremu ya chini na ndo uliopindisha mambo. Ukumbi ulikuwa wa kutembea na kucheza mvua ikinyesha, na mipira ya tenisi ya miaka ya 1600 ilikutwa imejificha nyuma ya mbao za ukutani. Mi ndo sehemu niliyoipenda zaidi, kaa pale mwisho uangalie sakafu inavyopanda na kushuka.

Uani usipite haraka. Kwenye madirisha makubwa yaliyotokeza nje, fundi Richard Dale kachonga jina lake na kwamba ndiye aliyeyatengeneza, mwaka 1559. Fundi seremala, sio tajiri peke yake! Hilo limenifurahisha kuliko mapambo yote.

Cha kulalamikia kidogo ni vyumba, vingi viko vitupu, fanicha za zamani ni chache mno, anayetaka vitanda vya kifahari na mazulia ataboreka. Na hii rangi nyeusi na nyeupe inayopigwa picha sana, kwa nyumba nyingi za aina hii ni fasheni ya karne ya 19, zamani mwaloni uliachwa hivihivi ukageuka kijivu. Binafsi ningependa kuona hiyo ya kijivu.

Vyoo vya zamani navyo vipo, vilikuwa vinamwaga moja kwa moja kwenye handaki la maji linalozunguka nyumba, watoto watacheka sana hapo. Vaeni viatu flati, na mzazi mwenye shida ya magoti abaki chini uani, huko juu ngazi na sakafu vitamsumbua.

Nyota 4 kati ya 5.