TAHADHARI: Pikapu za "tani moja, inavuta tatu na nusu" zinazouzwa Arusha. Kagua kibati kabla hujalipa

Habari zenu ndugu zangu wa Moshi na Arusha. Mnaotafuta pikapu ya kazi naomba msome hadi mwisho, hasa mnaovuta tela: wenzangu wa maturubai na jenereta, watu wa kambi za wageni, wenye matanki ya maji, wanaosafirisha ng'ombe kwenda mnadani. Kuna muuzaji pale Arusha anabandika vibati vya uongo vya uzito kwenye milango ya magari. Mimi nimeshaumia kwa hela, na vijana wangu watatu karibu nizike.

Jina lake sitaliandika hapa. Jalada liko polisi na nimeshauriwa nisubiri. Lakini anavyofanya kazi yake nitaeleza chote, maana hilo ndilo litakalowasaidia, hata mkikutana na mwingine wa aina yake.

Mwezi wa tisa nilikuwa natafuta gari kabla msimu haujafika. Mnaijua Desemba yetu. Kila mwenye kihamba (shamba la ukoo) mlimani anarudi nyumbani, harusi zinapangana, vipaimara, ubarikio, na misiba nayo haichagui tarehe. Mwenye viti 200 na jenereta halali. Nikaonyeshwa pikapu ya kebini moja, dizeli, rangi ya fedha, iliyotumika Uingereza. Yule muuzaji akapiga bodi kwa kiganja, akaniambia, "Mama, hii ni tani moja halali. Nyuma inavuta tatu na nusu. Wewe pakia viti, funga jenereta, panda mlima." Akafungua mlango akanionyesha kibati kwenye nguzo: 3,210, na chini yake 6,710. Akatoa simu akapiga hesabu mbele yangu. 6,710 toa 3,210 ni 3,500. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kibati ndicho kilichokuwa cha uongo.

Nikalipa milioni 34 za gari, na milioni 4 na nusu za tela alilokuwa nalo palepale, la ekseli moja, limetoka kupakwa rangi. Kadi ya gari alinionyesha kwa picha ya simu, imekatwa sehemu ya chini. Sikushtuka. Kadi yenyewe alisema iko kwa mwenzake, nitaipata wiki ijayo.

Jumamosi ya pili ya Desemba gari lilikuwa linashuka kutoka Kibosho baada ya harusi. Dereva anasema kona ya kwanza breki zilishika, ya pili zikawa laini, ya tatu pedali ikazama hadi chini. Akapiga gia ya pili, injini ikalia, tela likawa linasukuma gari kwa nyuma. Aliona akiendelea hivyo atakutana na watu wanaotoka sokoni, akaamua kuliingiza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa migomba. Tela likajikunja, jenereta ikaenda chini. Msaidizi wake mmoja alivunjika mfupa wa bega. Nilipofika, nusu saa baadaye, rimu za mbele zilikuwa bado haziguswi kwa mkono na harufu ya breki imetanda kote. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa.

Gari lilivutwa hadi gereji Pasua kwa mzee ambaye ametengeneza magari yetu tangu enzi za baba yangu. Hakuanza na breki. Alifungua mlango, akapiga magoti, akakaa na kile kibati muda mrefu. Kisha akaniita. "Angalia hizi ribiti, mwanangu." Gari lina zaidi ya miaka kumi, vumbi limejaa kwenye kila mshono wa mlango, lakini vichwa vya ribiti nne vinang'aa kama vimetoka dukani leo. Kuzunguka kibati palikuwa na alama ya kibati kingine kikubwa kidogo, rangi ya chini yake ni mbichi, haijapigwa na jua. Halafu akanisomesha namba ya chesisi. Gari la soko la Uingereza lina namba ya herufi na tarakimu 17, na katika namba hiyo herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kibati changu kilikuwa na O, imesimama katikati. Namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, pale pale, ilikuwa na sifuri. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, kwa hiyo hilo peke yake lisiwatie wasiwasi.)

Tulipeleka namba ya kweli ya chesisi kwa mwakilishi wa watengenezaji, akaturudishia uzito halisi. Hapa naomba twende taratibu.

Kibati cha gari la Ulaya kina mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na mafuta, watu na mzigo. Wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na tela lake. Wa tatu ni mwisho wa ekseli ya mbele, wa nne ni wa ekseli ya nyuma. Gari langu kwa haki yake ni 2,730 na 4,230. Maana yake tela lake lisizidi kilo 1,500. Mstari wa pili ukiwa mtupu, gari hilo halikupewa ruhusa ya kuvuta chochote, hata kama mtu amelichomelea chuma cha tela kizuri namna gani.

Sasa hiyo "tani moja". Chukua 2,730, toa uzito wa gari tupu. Tulipima langu kwenye mizani ya ghala la mahindi, tangi limejaa, bila mtu: 1,690. Inabaki 1,040. Kwa hiyo tani moja haikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana uongo mwingine uliniingia kirahisi. Ila watu wengi tunadhani hiyo 1,040 ni ya mzigo wa bodi tu. Dereva na wasaidizi wamo humo. Na kile kichwa cha tela kinacholalia nyuma ya gari nacho kimo humo. Siku ile nilikuwa na watu 3, kilo 210. Viti 200 vya kilo mbili na nusu kila kimoja, 500. Maturubai na nguzo, 260. Kichwa cha tela, 130. Jumla 1,100. Bodi ilionekana ina nafasi bado, na gari lilikuwa limeshazidi kwa kilo 60.

Tela ndilo lilitumaliza. Lenyewe tupu ni kilo 480, jenereta ya kVA 45 na boksi lake 1,250, nyaya na madumu ya dizeli 140. Hiyo ni 1,870 nyuma ya gari linaloruhusiwa 1,500. Gari na tela pamoja vilikuwa 4,530 (ile 130 ya kichwa cha tela imo tayari ndani ya 1,870, haihesabiwi mara mbili), mwisho wake ukiwa 4,230.

Na kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema: hiyo 1,500, na hata hiyo 3,500 ya pikapu kubwa za kweli, ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, sheria za Ulaya zinaishia kilo 750. Tela nililouziwa halikuwa na breki hata ya kusingizia. Mzee aliinama chini yake akatoka anatikisa kichwa. Kwa hiyo breki nne za pikapu ndogo zilikuwa zinashikilia tani nne na nusu kwenye mteremko wa Kibosho. Breki zikipata moto kiasi hicho, mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke ukikanyagwa unabonyea tu. Ndiyo pedali kuzama.

Mtu ataniuliza, mbona lilipanda vizuri? Lilipanda. Injini ya dizeli yenye tabo itavuta kitu kizito kuliko gari lenyewe linavyoweza kukizuia. Tusijipime kwa kupanda. Isitoshe, uzito wa kuvuta wa magari ya Ulaya hujaribiwa kwenye mwinuko wa asilimia 12, yaani mita 12 juu kwa kila mita 100 za kwenda mbele: gari na tela lililojaa viondoke kutoka kusimama mara 5 ndani ya dakika 5. Zipo barabara zetu za kupanda vijijini ambazo mwinuko huo zinauacha mbali. Na vitabu vya baadhi ya magari hayo vinashauri upunguze asilimia 10 ya uzito wa gari na tela kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua nguvu. Sisi tunaishi mlimani jamani.

Sasa jinsi yule muuzaji alivyolivalisha gari. Nyuma alikuwa ameongeza vipande viwili vya springi bapa, kwa hiyo hata likipakiwa halikai chini, linasimama limenyooka kama halina kitu. Mteja anaona nguvu. Springi haiongezi breki, haiongezi beringi, haiongezi ekseli wala chesisi. Inachofanya ni kukuficha macho usione kwamba umezidisha. Matairi nayo yalikuwa mapya, meusi ti, lakini ya gari dogo. Pembeni ya tairi, baada ya saizi, kuna namba ya uwezo wa kubeba. Langu lilisema 98, yaani kilo 750 kwa tairi moja. Mawili ya nyuma ni 1,500, wakati ekseli ya nyuma ya gari hilo inaruhusiwa 1,700. Tairi la 104 linabeba 900, la 112 linabeba 1,120. Namba hiyo iko wazi, haihitaji fundi.

Alinionyesha pia video ya pikapu ya Kimarekani inavuta boti kubwa, akasema "ni hizihizi". Si hizihizi. Kule Ford F-150 huitwa nusu tani, F-250 robo tatu, F-350 tani moja. Zamani majina hayo yalikuwa yanasema mzigo, leo ni majina ya ukubwa tu, na nyingi zinabeba zaidi ya jina lake. Hata tani yao ni pauni 2,000, yaani kilo 907. Madaraja yao rasmi yanahesabu gari pamoja na mzigo wake: daraja la kwanza linaishia kilo 2,722, la pili 4,536, la tatu 6,350. Na hata wao kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kivyake uzito wa kuvuta, hadi kipimo cha pamoja kinachoitwa J2807 kilipoanza kutumika, Toyota ikiwa ya kwanza kwa magari yake ya 2011. Kwa hiyo video ya gari la huko haikwambii chochote kuhusu lililosimama mbele yako Arusha.

Ukienda kuangalia gari, dai kadi yenyewe mkononi, usikubali picha. Kadi yetu ya TRA ina uzito wa gari tupu na uzito wa gari na mzigo. Linganisha na kibati. Nilipoipata kadi yangu hatimaye, ilikuwa inasema 2,730, kwenye ile sehemu ya chini iliyokatwa kwenye picha. Kagua ribiti kwa tochi ya simu. Soma namba ya chesisi herufi kwa herufi, kibati kwa chesisi. Na kabla hujalipa hata shilingi, mwambie muuzaji mpitie kwenye mizani yoyote, ya mahindi au ya kokoto, gari likiwa tupu. Mimi niliogopa kuonekana msumbufu, ndugu zangu. Mnisikilize katika hilo.

Hadi leo sijarudishiwa hela. Yule muuzaji alisema aliliuza gari kama alivyolipokea, simu sasa hapokei. Mkaguzi wa bima swali lake la kwanza lilikuwa uzito wa tela, na malipo yamesimama hapo. Kijana wangu ameanza kuinua mkono.

Juzi binti yangu kaniletea tangazo jipya la yule muuzaji. Pikapu nyeupe, kebini mbili, aina tofauti kabisa na yangu, na kwa kujiamini amepiga picha hadi kibati cha mlangoni. Mstari wa kwanza 3,210. Wa pili 6,710.